Kilo 108 kwa Miezi Saba, na Miaka Iliyofuata

Desemba 2009 Danny Cahill, mpima ardhi na mwanamuziki wa mji wa Broken Arrow, Oklahoma, alipanda mizani mbele ya kamera za televisheni ya NBC ikaonyesha kilo 87. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa na kilo 195. Hadi msimu huo wa 8 hakuna mshiriki wa The Biggest Loser, kipindi cha Marekani cha kushindana kupunguza uzito, aliyekuwa amepungua kiasi hicho, naye akaondoka na zawadi ya dola 250,000. Mwaka 2016, gazeti la New York Times lilipoandika habari zake, alikuwa amerudi hadi kilo 134.

Msimulie mtu yeyote kisa hiki, ukomee hapo, usikie atakachosema. Atasema jamaa alilewa sifa. Atasema hela ilipoingia mfukoni akaanza kujiachia. Wengine watakuambia kupungua si kazi, kazi ni kubaki pale ulipofika, na hao wamekaribia ukweli ingawa ukiwauliza sababu watarudi kulekule kwenye uvivu na ulafi. Kisa cha Cahill kina bahati ambayo visa vya majirani zetu havina. Yeye na wenzake 13 wa msimu ule walipimwa na watafiti kabla ya shindano, mwishoni mwa shindano, na tena miaka 6 baadaye. Hatulazimiki kubahatisha.

Tuanze na alivyopungua. Kwenye ranchi ya California walikowekwa washiriki, mazoezi yalifika saa saba kwa siku. Baadaye walirudishwa makwao kusubiri fainali kwa miezi minne, na huko Cahill hakulegeza, bali aliongeza. Aliacha kazi. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa macho, anakimbia kwenye mashine dakika 45, kisha anakula yai moja na ute wa mayai mawili, nusu balungi na kipande cha mkate. Anarudi kwenye mashine dakika 45 nyingine, anapumzika kidogo. Halafu anapanda baiskeli kilomita zipatazo 14 hadi jimu, na huko anafanya mazoezi saa mbili na nusu. Lengo lake lilikuwa kila siku mwili uunguze kalori 3,500 zaidi ya anazokula.

Mtu huyu hakukosa ari. Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri mwingi wa kupunguza uzito unaosambazwa kwa Kiswahili unaishia kwenye nia: jitume, amua, kama unataka utaweza. Nia Cahill alikuwa nayo kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwa nayo. Swali ni nia hiyo ilikuwa imeegemea nini. Kulikuwa na tarehe ya fainali. Kulikuwa na robo milioni ya dola. Kulikuwa na walimu wa mazoezi wanaofoka, wenzako mnaopimwa pamoja, hofu ya kutolewa, na nchi nzima inayotazama. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na siku ya mwisho, na karibu vyote viliisha usiku mmoja.

Kilichofuata ndicho sehemu ya kisa hiki ambayo watu hawaisimulii, labda kwa sababu haina kishindo. Cahill hakurudi kuwa mnene mwaka uliofuata. Kwa miaka minne alikaa chini ya kilo 116, na alifanikiwa kwa kufanya mazoezi saa mbili hadi tatu kila siku. Kisha akarudi kwenye kazi yake ya kupima ardhi. Muda wa mazoezi ukapungua, kilo zikapanda. Soma tena sentensi hizo mbili, maana kwa maoni yangu kiini cha kisa chote kiko hapo. Njia aliyoitumia kushuka ilimtaka aishi kama mtu asiye na ajira, na njia ya kubaki chini ilikuwa ileile, imepunguzwa kidogo tu. Siku maisha ya kawaida yalipomdai saa zake, hakuwa na njia nyingine ya kushika.

Sasa twende kwenye mwili wenyewe, kwa sababu nao ulikuwa unamvuta.

Kevin Hall, wakati huo akiwa mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilizoko Bethesda, Maryland, ndiye aliyeongoza vipimo. Matokeo yalitoka 2016. Wastani wa washiriki hao 14 ulikuwa kilo 149 wakati wa kuanza, kilo 91 mwishoni mwa shindano, na kilo 132 baada ya miaka 6. Hadi hapo hakuna la ajabu. Lililowashangaza watafiti ni nishati ambayo mwili unatumia ukiwa umetulia, yaani ile ya kuendesha moyo, mapafu, ubongo na joto la mwili hata ukiwa umelala. Mtu akipungua, nishati hiyo hushuka, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani mwili mdogo unahitaji kidogo. Lakini miaka 6 baadaye, watu hawa wakiwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito wao, miili yao ilikuwa bado inatumia kalori zipatazo 500 kwa siku chini ya zile zinazotarajiwa kwa mtu wa umbo na umri wao. Kwa Cahill pengo lilikuwa kama kalori 800. Kalori 500 ni kama chapati mbili zilizokolea mafuta. Watu wawili wa kilo sawa wakila sahani sawa, mmoja anabaki alivyo na mwingine ananenepa.

Halafu kuna njaa. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa 1994, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Washiriki walianza na leptini kiasi cha nanogramu 41 kwa mililita. Siku ya fainali, wakati wanashangiliwa, ilikuwa imebaki 2.6. Kwa lugha nyepesi, ubongo uliambiwa ghala ni tupu. Miaka 6 baadaye ilikuwa imepanda hadi 28, bado haijafika ilipoanzia. Katika utafiti mwingine wa 2016, Hall na wenzake walikadiria kwamba kila kilo unayopungua huongeza hamu ya kula kwa kalori zipatazo 100 kwa siku juu ya ulivyokuwa unakula mwanzo, huku matumizi ya mwili yakishuka kalori 20 hadi 30 tu. Piga hesabu ya mtu aliyepungua kilo 10. Mwili wake unadai kalori 1,000 za ziada kila siku, na dai hilo halina sauti kubwa. Linakuja kama kijiko cha nyongeza, kama soda ya saa kumi, kama kumalizia chakula alichobakisha mtoto. Aliyefunga Ramadhani anaijua njaa, lakini njaa ile ina adhana ya magharibi mbele yake. Hii haina adhana.

Matokeo haya yalipotangazwa, vichwa vya habari duniani viliyageuza kuwa hukumu: ukipungua sana, mwili umeharibika, basi tena. Nimeshawasikia watu wakiyatumia kama kibali cha kutojaribu. Hapo ndipo inabidi kusoma zaidi ya kichwa cha habari. Katika utafiti uleule, kushuka kwa matumizi ya nishati siku ya fainali hakukutabiri nani atarudisha kilo. Tena, baada ya miaka 6, waliokuwa wamebaki wamepungua zaidi ndio ambao miili yao ilikuwa imebana matumizi zaidi. Kama kubana huko ndiko kungekuwa sababu ya kunenepa upya, ingetokea kinyume chake. Mwaka 2022 Hall mwenyewe aliandika tafsiri mpya: huenda mwili wa mtu anayefanya mazoezi mengi kwa miaka unafidia kwa kubana matumizi ya wakati wa kupumzika. Yaani lile pengo la kalori 500 linaweza kuwa alama ya mtu anayejitahidi, si alama ya mwili uliovunjika.

Basi walitofautiana wapi waliobaki chini na waliopanda? Mwaka 2017 kundi hilohilo la watafiti lilitoa jibu. Kwa chakula hawakutofautiana sana. Wote walikuwa wanakula pungufu ya walivyokuwa wakila kabla ya shindano, kwa asilimia zinazokaribiana. Tofauti ilikuwa kwenye kujishughulisha. Waliobaki wamepungua walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa asilimia 160 kuliko mwanzo, waliorudisha kwa asilimia 34. Watafiti walikadiria kwamba hiyo ni sawa na dakika 80 hivi za kutembea kwa kasi kila siku, au dakika 35 za mazoezi makali.

Dakika 80 kila siku, maisha yote. Sitaifanya ionekane rahisi. Ila ni kazi ya aina nyingine na ile ya saa saba za ranchi. Mtu anaweza kushuka daladala vituo viwili kabla ya kazini na viwili kabla ya nyumbani, akatembea na watoto jioni, akajiunga na klabu ya kukimbia ya mtaani kama zile zinazojaza barabara za Dar es Salaam Jumamosi asubuhi, na dakika zikapatikana bila kuacha ajira. Halafu washiriki wale walikuwa wameshuka kwa wastani wa kilo 58. Mama wa kilo 92 anayetaka kufika 85 hayuko kwenye vita yao. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo 2002 ukiwa na watu 3,234, uliwataka washiriki wapungue asilimia 7 ya uzito na wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Wiki, si siku. Waliofuata mpango huo walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58 katika miaka takriban mitatu. Baada ya miaka 10 walikuwa wamerudisha kilo nyingi kati ya walizopunguza, na bado hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 34.

Jambo hili la mwisho linanirudisha kwa Cahill, na kwenye jambo ambalo naona ndilo lililoua ari za watu wengi kuliko njaa. Kutoka kilo 195 hadi 134 ni kilo 61. Ni asilimia 31 ya uzito wake wa awali. Daktari akipata mgonjwa aliyepungua asilimia 31 na kukaa hivyo miaka 6, atawaita wenzake waje waone. Hata kwa wastani wa kundi zima, miaka 6 baadaye walikuwa chini ya walipoanzia kwa karibu asilimia 12, na 8 kati ya 14 walikuwa chini kwa asilimia 10 au zaidi. Wapo 4 waliozidi walipoanzia, na hilo halifichwi. Lakini dunia ilisoma habari hii kama orodha ya walioshindwa, na wao wenyewe waliishi na aibu hiyo. Cahill alieleza kwamba aliposikia matokeo ya vipimo, aibu iliyokuwa imemlemea mabegani ilimtoka.

Aibu ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye namba 87. Namba hiyo ilipatikana siku moja, katika mazingira ambayo hayapo tena, kisha ikageuzwa kipimo cha siku zote zilizobaki. Ukijipima kutoka siku uliyokuwa mwembamba kuliko siku zote, kila asubuhi unaamka umefeli. Mtu anayefeli kila asubuhi ataacha kupanda mizani, na akiacha mizani kilo tano zitapita bila yeye kujua, kisha kumi.

Pesa nayo ina historia yake. Mwaka 2008 watafiti wa Pennsylvania walichukua watu 57 wakawagawa: wengine waliahidiwa hela kwa kupungua, wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya wiki 16 wenye ahadi ya hela walikuwa wamepungua kama kilo 6, wasio nayo chini ya kilo 2. Miezi saba tangu kuanza, hela ikiwa imekwisha, tofauti kati yao haikuwa kubwa tena kiasi cha kuhesabika. Ni shindano la Cahill katika udogo wake.

Na sisi tunalo letu. Kundi la WhatsApp, kila mtu kachanga elfu ishirini, siku 30, picha ya mizani kila Jumatatu, mshindi anaondoka na mchango. Au bibi harusi anayetaka kuingia kwenye gauni la send-off. Au wana kamati wenzake waliokubaliana kupungua pamoja kabla ya kitchen party. Sizibezi shughuli hizi; zinawaamsha watu waliokaa. Ila zote zina tabia ya fainali ya 2009: keki ikikatwa, sababu ya kujibana imekwisha, na wiki inayofuata ni ya biriani.

Tena sisi tuna jambo ambalo Cahill hakuwa nalo. Yeye alipopungua alishangiliwa. Huku kwetu ukipungua kilo nane, wa kwanza kukuona sokoni atauliza, "Vipi, unaumwa?" Shangazi atasema umekongoroka, na kama umeolewa ataanza kumchunguza mumeo kwa jicho la pembeni. Kizazi kilichoona ukimwi wa miaka ya 1990 hakitazami mtu aliyekonda kwa macho mepesi, na siwalaumu. Kisha kilo zikianza kurudi unasikia sifa: umenawiri, maisha yamekukubali. Kwa hiyo mtu anayejitahidi anaadhibiwa akifaulu na kusifiwa akirudi nyuma, kwa maneno ya watu wanaompenda. Anayeishi katika hali hiyo anahitaji angalau mtu mmoja nyumbani anayeujua mpango mzima, awe anajibu kwa niaba yake: "Haumwi, daktari kamwambia apunguze, presha imeshuka." Jibu hilo hufunga mjadala haraka kuliko maelezo ya mazoezi, kwa sababu presha kila ukoo unaifahamu.

Kuhusu dawa mpya za sindano za kupunguza uzito nitagusa tu, maana maswali ni mengi. Semaglutidi, mojawapo ya dawa hizo, inapunguza hamu ya kula kwelikweli. Lakini katika utafiti uliochapishwa 2022, watu walioacha kuitumia walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kubaki chini kunabaki kuwa kazi ya pekee hata ukisaidiwa na dawa kushuka.

Je, kazi hiyo ya kubaki chini inafundishika? Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa mtafiti Rena Wing na wenzake, uliochapishwa 2006. Yeye hakutafuta watu wanene. Alitafuta watu 314 ambao tayari walikuwa wamepungua angalau asilimia 10 katika miaka miwili iliyotangulia, akashughulika na kilichofuata tu. Walifundishwa kupanda mizani kila siku na kuisoma kwa rangi tatu. Kijani: uko ndani ya kilo moja na nusu hivi ya uzito ulioanza nao mpango, endelea, na unapewa zawadi ndogo kwa kukaa hapo. Njano: umepanda kidogo, kaa chini, tafuta kilichobadilika wiki hii. Nyekundu: umepanda kilo 2.3 au zaidi. Rudi kwenye mpango wa kupungua mara moja, usingoje mwezi mpya. Baada ya miezi 18, katika kundi lililotumiwa jarida tu kwa posta, asilimia 72 walikuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi. Kwa waliokutana ana kwa ana ilikuwa asilimia 46, na kwa waliofuatiliwa kwa intaneti asilimia 55.

Bado ni karibu nusu. Hakuna miujiza hapo, lakini kuna mambo mawili ambayo kipindi cha NBC hakikuyawaza. Zawadi ilitolewa kwa kutokubadilika, jambo ambalo televisheni haiwezi kulionyesha kwa sababu linachosha. Na mstari wa hatari ulikuwa kilo mbili na kidogo, uzito ambao mtu anaweza kuushusha kwa wiki chache akiwa kazini, akiwa na watoto, bila kupanda baiskeli alfajiri.

Nikirudi kwenye lile kundi la elfu ishirini, ningegawa mfuko wake hivi. Robo itolewe siku ya 30 kwa waliofikia asilimia tatu hadi nne tu ya uzito wao, ili asiwepo wa kushinda kwa kujitesa. Robo tatu ikae kwa mweka hazina mwaka mzima. Kila mwisho wa mwezi wanaopanda mizani na kukutwa kwenye kijani wagawane kipande chake sawa kwa sawa, hata kama hawajapungua gramu moja. Aliyeingia nyekundu asitozwe faini wala asichekwe kwenye kundi. Apewe mwenza wa kutembea naye jioni kwa wiki mbili, kisha apimwe tena. Na siku ya kuanza kila mtu aandike uzito wake wa mwanzo juu kabisa ya daftari, maana hesabu ya mwaka mzima itafanywa kutoka hapo.